Samuel Beckett, mutu aliyeandika juu ya kungoja

Kungoja ni kazi ngumu. Kila jamaa ya mufanyakazi wa shimo inajua vile: mama anangoja bwana yake atoke ku kazi ya usiku, baba anangoja mushahara, mutoto anangoja franga ya masomo. Leo tunawaelezea, wandugu, maisha ya mutu mumoja wa Ulaya aliyechukua jambo hili la kungoja na kulifanya muchezo wa teatri. Jina lake Samuel Beckett.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa ine 1906 ku Foxrock, karibu na muji wa Dublin, mu inchi ya Irlandi. Baba yake alikuwa na kazi ya kupima na kuhesabu bei ya majengo, nyumbani hawakukosa kitu. Kijana alisoma Kifransa na Kiitaliano ku Trinity College, na mu 1928 akaenda kufundisha Paris. Aliporudi, walimupa kazi ya ualimu mu chuo chake kile kile. Kazi nzuri, yenye heshima! Lakini akaiacha mbiyo, juu aliona haya kufundisha wengine vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuvijua. Mama yake alikasirika sana. Kitabu chake Murphy, wachapaji wengi walikikataa mbele kitoke mu 1938.

Mwaka ule ule, mu mwezi wa kwanza, usiku, mu barabara ya Paris, mutu asiyemujua alimuchoma kisu kifuani, karibu na moyo. Alipopona, alikutana na mutu yule ku tribinali, akamuuliza sababu. Mutu akajibu kwamba hajui, tena akaomba musamaha. Beckett hakulisahau jibu lile. Ku lopitali, mwanamuke mumoja, Suzanne Deschevaux-Dumesnil, alikuja kumutazama. Tokea pale wakaishi pamoja mupaka uzee.

Vita ilipoanza mu 1939, Beckett alikuwa kwao Irlandi anamutembelea mama yake. Irlandi haikuingia mu vita, angeweza kubaki kwa amani. Lakini alirudi Ufaransa, na Wajerumani walipoiteka, akaingia mu kundi la siri lililowapinga. Kazi yake ilikuwa kutafsiri habari na kuzipiga ku mashini, ili zipelekwe London. Mu 1942 padiri mumoja akawasaliti. Rafiki yake Alfred Péron akakamatwa, akapelekwa mu kambi, na akafa mu 1945, siku chache tu kisha kufunguliwa. Beckett na Suzanne walikimbia.

Walifika Roussillon, kijiji cha kusini, fasi ya udongo mwekundu na wa manjano, wenye watu wa pale walikuwa wanauchimba juu ya kutengeneza rangi. Zaidi ya miaka mbili alifanya kazi mu mashamba ya wengine, analipwa chakula. Na jioni? Kungoja tu. Kungoja vita iishe, kungoja habari ya rafiki, bila kujua kama itafika. Ule wekundu wa udongo aliutaja kisha mu muchezo wake.

Vita ilipoisha, serikali ya Ufaransa ilimupa medali. Yeye akaenda Saint-Lô, muji uliobomolewa na mabomu, kutumika mu lopitali ya Croix-Rouge ya Irlandi. Alikuwa anachunga magazini na kutafsiri maneno ya wagonjwa.

Tangu mwezi wa kumi 1948 mupaka mwezi wa kwanza 1949 aliandika, kwa Kifransa, muchezo En attendant Godot. Watu wawili, mumoja viatu vyake vinamuuma, wako ku barabara, karibu na muti mumoja. Wanangoja mutu anaitwa Godot. Bwana mumoja anapita, anavuta mutumishi wake kwa kamba ku shingo. Jioni mutoto anakuja kusema kwamba Godot hatafika leo, lakini kesho kweli. Kesho yake, ni vile vile. Basi, muchezo umeisha.

Suzanne njo alibeba makaratasi yale mulango kwa mulango. Roger Blin akakubali kuuonyesha, na tarehe 5 mwezi wa kwanza 1953 ukachezwa Paris, ku Théâtre de Babylone. Wengine waliusifu, wengine walitoka wakilalamika. Mu 1956, ku Miami, watu wengi waliolipa tiketi walirudi nyumbani mbele ya mwisho.

Halafu ikafika tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 1957. Wachezaji waliuleta mu boloko kubwa ya San Quentin, Marekani. Wafungwa karibu 1.400 walikaa chini. Wachezaji waliogopa: kama wasomi wameshindwa, hawa watafahamu nini? Kumbe wafungwa walikaa kimya, wakasikia, wakafahamu. Hakuna mwenye alihitaji kuwaelezea siku inayofanana na jana. Mufungwa mumoja wa pale, Rick Cluchey, akaanzisha kundi la teatri mule mule ndani. Kisha kufunguliwa, alikuja kufanya kazi na Beckett mwenyewe.

Wasomi wakaupa muchezo wa namna hii jina: teatri ya absurde, maana yake teatri ya mambo yasiyo na maana. Walimuuliza Beckett Godot ni nani. Akajibu kwamba kama angejua, angeliandika. Lakini tutazame vizuri: wale wawili wanagombana, wanataka kuachana kila jioni, na hawaachani. Mumoja ana karoti, anamupa mwenzake. Godot hafiki, mwenzako iko pale.

Mu 1969 alipewa Prix Nobel. Hakwenda kuipokea, na franga akawagawia wengine. Suzanne alikufa mwezi wa saba 1989. Beckett alimufuata tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili, mwaka ule ule. Wako mu kaburi moja, ku Montparnasse, Paris.