Carl Linnaeus: Mwalimu Aliyewatoa Wanafunzi Darasani



Leo tumwangalie mtu ambaye jina lake mmelikuta kwenye vitabu vya biolojia, mkalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha basi. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mlutheri wa Uswidi. Wala hakuwa mtakatifu, na hilo mtaliona hapa chini. Ila maisha yake yana jambo ambalo kijana Mkristo akilishika litamfaa: huwezi kukipenda kitu ambacho hujawahi kukitazama vizuri.

Carl Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 huko Råshult, kusini mwa Uswidi. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji aliyependa sana bustani. Hata jina la ukoo alilitoa kwenye mti, mti mkubwa ambao Waswidi wanauita lind. Carl alipokuwa mtoto mdogo alikuwa akimuuliza baba majina ya maua, anaambiwa, anasahau, anarudi kuuliza tena. Siku moja baba akachoka. Akamwambia wazi kwamba hatamtajia tena ua lolote ikiwa yale aliyokwisha kuambiwa anayasahau. Tangu hapo mtoto akawa anashika majina kama mtu anayeshika ahadi.

Shuleni Växjö mambo hayakwenda vizuri. Wazazi walitaka awe mchungaji kama baba yake, lakini yeye akili yake ilikuwa porini. Walimu wakamweleza baba kwamba kijana huyu hafai kwa masomo ya kanisa, afadhali apelekwe akajifunze ushonaji au kutengeneza viatu. Hebu fikiria mzazi anavyojisikia akirudi nyumbani na habari hiyo! Aliyemwokoa ni mwalimu mmoja, daktari Johan Rothman. Huyu aliona kile ambacho wenzake hawakukiona, akamchukua akae kwake, akamfundisha bure, na kumshawishi baba amwache asome udaktari. Enzi zile dawa nyingi zilitoka kwenye mimea, kwa hiyo daktari asiyeijua mimea alikuwa hatari kwa wagonjwa wake.

Mwaka 1728 akafika Chuo Kikuu cha Uppsala. Hela hana. Viatu vimetoboka, anaziba matundu kwa karatasi. Mwaka uliofuata, akiwa kwenye bustani ya mimea ya chuo, alikutana na kasisi msomi, Olof Celsius, baba yake mdogo Anders Celsius, yule ambaye jina lake tunalitumia tunapopima joto. Mzee Olof alikuwa akiandika kitabu kuhusu mimea inayotajwa katika Biblia. Alishangaa kumwona kijana aliyechakaa hivi anajua mimea kiasi hiki. Akampa chumba nyumbani kwake, akamfungulia maktaba yake, wakawa wanatembea pamoja kutafuta mimea ya eneo lile. Yaani Linnaeus, kabla hajawa kiongozi wa matembezi, aliongozwa kwanza: na baba, na Rothman, na Celsius.

Mwaka 1732 alisafiri kwenda Lapland, kaskazini kabisa. Mwaka 1735 akaenda Uholanzi, akapata shahada ya udaktari, akachapisha kijitabu chembamba kilichoitwa Systema Naturae, kilichojaribu kuvipanga viumbe vyote. Mwaka 1741 akarudi Uppsala, safari hii akiwa profesa.

Hapa ndipo palipo utamu wa habari hii. Profesa huyu hakutaka kufundisha mimea ndani ya kuta nne tu. Alipanga njia 8 kuzunguka mji wa Uppsala, na majira ya joto, siku ya Jumamosi, akawatoa wanafunzi nje. Wakati mwingine waliomfuata walizidi 150. Walivaa nguo nyepesi za kitani na kofia pana za kukinga jua. Na si kwamba walikuwa wanatembea ovyo. Mmoja alikuwa karani wa kuandika kila kilichoonekana, mwingine alisimamia nidhamu. Walitawanyika kukusanya, kisha baada ya muda wanakutana, na Linnaeus anachukua mmea mmoja mmoja na kuueleza: jina lake, unaota wapi, unatibu nini, unaliwa na mnyama gani. Jioni walirudi mjini kwa maandamano, maua yamechomekwa kwenye kofia, bendera juu, baragumu na ngoma zinalia, wanamshangilia mwalimu wao mpaka mlangoni pa bustani.

Si kila mtu alifurahi. Mwaka 1748 malalamiko yalitoka kwa wakubwa, eti masomo ni jambo zito, hayaendani na vigelegele. Linnaeus aliumia sana moyoni. Lakini hakuacha kufundisha kwa miguu, na hata kwenye shamba lake la Hammarby, alilolinunua mwaka 1758, wanafunzi walimfuata. Njia zile 8 zimewekewa alama, na mpaka leo watu wanazitembea.

Matunda yake ni kitabu cha mwaka 1753, Species Plantarum, kilichoorodhesha mimea karibu 6,000. Humo kila mmea ulipewa jina la maneno mawili tu ya Kilatini, badala ya sentensi ndefu zilizokuwa zikitumika. Ukiona baada ya jina la kisayansi herufi L. peke yake, ujue ni yeye. Iko kwenye mnazi, iko kwenye kahawa, iko kwenye mbuyu.

Sasa tuseme na upande mwingine, maana maisha ya mtu hayaelezwi nusu.

Linnaeus aliwatuma wanafunzi wake duniani kote kukusanya mimea, akiwaita mitume wake. Wengi hawakurudi. Christopher Tärnström alifariki mwaka 1746 akiwa njiani kwenda China, akaacha mke na watoto. Mjane alimlaumu Linnaeus kwa kuwafanya wanawe yatima. Baada ya hapo alipendelea kutuma vijana wasiooa, lakini vifo havikukoma. Pehr Forsskål alifia Yemen mwaka 1763, Pehr Löfling alifia Amerika ya Kusini mwaka 1756. Majina mazuri tunayoyasoma kwenye vitabu, mengine yalilipiwa kwa uhai wa vijana.

La pili linatugusa sisi zaidi. Katika toleo la Systema Naturae la mwaka 1758 aliwagawa hata binadamu katika makundi kwa rangi na bara, akayapa kila kundi tabia zake. Waafrika aliwaandika kuwa wavivu, wajanja na wazembe. Na yeye Afrika hakuwahi kukanyaga! Mtu aliyewafundisha wanafunzi kuinama, kushika jani, kuhesabu nyuzi za ua kabla ya kusema neno, alipofika kwa binadamu mwenzake alitosheka na maneno ya kusikia. Waliokuja baada yake walijenga juu ya msingi huo mambo mabaya sana.

Mnaona tofauti? Pale alipopiga magoti na kutazama, kazi yake inasimama hadi leo. Pale alipoandika bila kutazama, aliumiza. Hata kwa mimea iko hivyo. Mkwaju aliuita Tamarindus indica, kana kwamba ni wa India, ilhali asili yake ni Afrika. Bibi zetu waliouchemshia uji wangeweza kumsahihisha, lakini hakuna aliyewauliza.

Mwisho wake unasikitisha. Mwaka 1774 alipata kiharusi, na mwaka 1776 kingine kikampooza upande wa kulia na kumharibu kumbukumbu. Alipewa vitabu vyake mwenyewe akavisoma na kuvisifu, bila kujua kwamba mwandishi ni yeye. Yule mtoto aliyekatazwa kusahau majina, sasa majina yalimtoka. Alifariki tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika Kanisa Kuu la Uppsala.

Lakini sisi tunaamini jambo moja: hata mtu akijisahau, Mungu hamsahau. Anamjua kila mmoja kwa jina lake. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia Mungu alimletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Ndiyo kusema kupeana majina ni kazi tuliyokabidhiwa, na inataka macho, subira na unyenyekevu. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 alitukumbusha kwamba dunia hii ni nyumba yetu sote. Je, utaitunzaje nyumba ambayo hujui hata vilivyomo?

Basi vijana, Jumamosi moja wekeni simu mfukoni. Kikundi cha VIWAWA, wanakwaya, au jumuiya yenu tu, tokeni. Mtafuteni mzee wa kijiji au bibi anayeijua miti, awe ndiye kiongozi. Mmoja aandike kama karani wa Uppsala. Ulizeni jina la mti kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwenu, unafaa nini, zamani ulikuwa mwingi kiasi gani na sasa umebaki wapi. Mvule, mninga, mpingo, mkwaju. Msikate, msing'oe; jani moja la kuangalia latosha. Na mkirudi, imbeni. Atakayesema kelele nyingi, mwambieni hata profesa alisemwa.

Na lile la mwisho ndilo kubwa zaidi: kabla hujamwandikia jirani yako tabia zake, hasa yule wa kabila jingine au dini nyingine, mwendee kwanza. Mtazame. Muulize jina.

Tusali. Ee Mungu Muumba, utufumbue macho tuone ulichokiweka karibu nasi. Utupe viongozi wema, na utufanye tayari kuongozwa. Utuepushe na kumhukumu tusiyemfahamu. Na siku tutakaposahau yote, wewe utukumbuke. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.