Maisha ya Marehemu Edward Moringe Sokoine

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Uraia alituagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki dunia zamani. Wenzangu wengi waliwachagua Mkwawa, Mirambo na Kinjekitile. Mimi nilimchagua Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili. Mhariri ameniomba niifupishe kazi ile ipate kuingia katika gazeti letu, nami nimekubali kwa furaha. Lakini kwanza yanipasa nieleze kwa nini nilimchagua yeye, maana sikumchagua kwa sababu ya cheo chake. Nilimchagua kwa sababu ya nyumba ya mwalimu isiyokuwa na bati.

Katika kijiji anakokaa babu yangu wazazi walichanga fedha wajenge nyumba ya mwalimu. Kuta zilipanda mpaka usawa wa madirisha, kisha zikasimama, na mvua za miaka miwili zikazipiga. Siku moja nilimsindikiza babu mkutanoni. Akainuka na fimbo yake, akauliza fedha zilizochangwa zilikuwa ngapi, zimenunua nini, na zimebaki ngapi. Watu wengine walicheka, wengine wakamwambia aketi. Mimi niliona haya sana, nikainamisha kichwa. Njiani nilimwuliza kwa nini anajitia katika maneno ya watu. Akanijibu kwa upole kwamba hata Sokoine aliulizwa, na kwamba nchi hii iliwahi kukaa miaka kumi na miwili bila baraza la wilaya la kuulizwa. Sikujua maana ya maneno yale. Nilikwenda kuyatafuta vitabuni na kwa wazee, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, katika Mkoa wa Arusha wa leo. Wazazi wake walikuwa Wamaasai wafugaji. Zamani zile watoto wa Kimaasai waliopelekwa shule walikuwa wachache, kwani kijana alitazamiwa kwenda machungani na ng'ombe. Yeye alisoma Monduli, kisha akaendelea na masomo ya sekondari Umbwe, karibu na Moshi. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, alijiunga na chama cha TANU. Mwaka uliofuata alipelekwa Ujerumani Magharibi kusoma mambo ya utawala, na aliporudi mwaka 1963 alipewa kazi ya Afisa Mtendaji wa Wilaya ya Masai.

Hapo yafaa tutulie kidogo, maana ndipo penye mzizi wa habari yenyewe. Wakati wa ukoloni Waingereza walitawala wilaya kwa mikono ya watemi na machifu. Sisi wa Ugogo twalikumbuka jina la Mtemi Mazengo wa Mvumi. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa kwa sheria, na mahali pao zikashika Halmashauri za Wilaya. Halmashauri hizo zilikusanya kodi, zikatazama shule za msingi, zahanati, visima na barabara ndogo. Mtendaji ndiye aliyeshika kazi zote hizo, na madiwani ndio waliomwuliza. Daraja likivunjika, diwani wa upande ule alisimama akauliza. Kwa hiyo Sokoine hakuanza uongozi kwa kutoa amri. Alianza katika kazi ambayo mtu huulizwa habari ya kila shilingi.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Masai. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuwauliza Mawaziri. Lakini hakukaa sana katika kiti cha kuuliza, kwani mwaka 1967 alifanywa Naibu Waziri wa Mawasiliano na Uchukuzi, akahamia upande wa wale wanaojibu. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi.

Lakini miaka ile kuuliza hakukuwa jambo jepesi. Nchi ilikuwa na chama kimoja tu, na mbunge aliyetoka katika chama alitoka pia katika Bunge. Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa katika TANU, na viti vyao vikapotea siku ile ile. Hapana shaka waliobaki walijifunza kupima maneno yao kabla ya kusimama.

Sasa niwarudishe nyumbani kwetu. Mwaka 1971 Serikali ilifanya Operesheni Dodoma, watu waliotawanyika wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, wapate maji, shule na nyumba bora. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Babu yangu alikuwa kijana. Anakumbuka walivyoiacha tembe yao, ile nyumba yetu ya Kigogo yenye paa la udongo, wakabeba miti ya paa vichwani kwenda kuanza upya mahali palipopimwa. Babu hasemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Shule ilijengwa kweli, na mdogo wake ndimo alimosomea. Ila anasema kwamba mtu aliyehamishwa huwa na maswali mengi: shamba langu la zamani ni la nani, bati litakuja lini, kisima kitachimbwa wapi.

Basi katika wakati ule ule wa maswali, wa kuulizwa waliondolewa. Kwanza Halmashauri zilinyang'anywa kodi zao na kazi zao kubwa, kisha mwaka 1972 zikafutwa kabisa, na zile za miji nazo zikafuata. Mpango ule uliitwa Madaraka Mikoani. Serikali ilitumaini kwamba maofisa wake wakipelekwa mikoani na wilayani, watakuwa karibu na wananchi na maendeleo yatakwenda mbio. Lakini ofisa aliyepelekwa alikuwa na mkubwa wake juu, naye alimwogopa huyo kuliko mwananchi aliye chini. Hakuchaguliwa na mtu wa kijijini, wala mtu wa kijijini hakuweza kumwondoa. Kwa miaka kumi na miwili wilaya zetu zilikaa hivyo, na haya ndiyo aliyonieleza babu njiani.

Miji ndiyo iliyotangulia kuonyesha ubaya wake. Takataka zililala barabarani, mifereji ya maji machafu ikaziba, na nyumba zikajengwa ovyo pasipo viwanja vilivyopimwa. Mwaka 1977 ugonjwa wa kipindupindu ulienea nchini ukaua watu wengi. Ni mwaka ule ule, tarehe 13 Februari, Sokoine alipofanywa Waziri Mkuu. Mambo ya mikoa yalikuwa chini ya ofisi yake, na Bungeni yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa shughuli za Serikali. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya kuzirudisha Halmashauri za miji. Mtu aliyekuwa Mtendaji wa Wilaya hakuhitaji kufundishwa kwa nini mji wataka wenyewe wa kuutazama.

Mwisho wa mwaka ule majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na nguvu za nchi zikaelekea vitani. Vita vilikwisha kwa ushindi mwaka 1979, lakini viliacha hazina tupu. Novemba 1980 Sokoine alijiuzulu kwa ajili ya afya yake, akaenda Yugoslavia kusoma. Alipokuwa huko, Bunge lilipitisha sheria za mwaka 1982 za kuzirudisha Halmashauri za wilaya. Mwaka ule pia sheria ilipitishwa ya kuvirudisha vyama vya ushirika, vilivyokuwa vimefutwa mwaka 1976. Baadaye Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzifuta Halmashauri na ushirika lilikuwa kosa. Nchi ilipata faida kubwa kwa kiongozi mkubwa kusema hivyo.

Februari 1983 Sokoine alirudi katika kiti cha Waziri Mkuu. Nchi ilikuwa katika shida: sabuni, sukari, nguo na mafuta ya taa havikupatikana madukani, ilhali wengine walivificha wapate kuviuza kwa bei ya kuruka. Mwezi wa Machi alianza vita juu ya wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa. Wengine, kwa hofu, walitupa mali zao vichakani na baharini. Wananchi wa kawaida walimpenda sana kwa jambo lile, na mpaka leo wazee wakilitaja jina lake nyuso zao hukunjuka.

Hapa niwe mkweli, ingawa nampenda. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata baadaye, ikafanywa kana kwamba ilikuwako tangu Machi. Sheria ile iliwanyima washtakiwa mawakili, dhamana na rufaa. Bunge liliipitisha. Mwaka ule ule ikaja na sheria ya nguvukazi, na watu wa mjini wasiokuwa na kazi ya kuonyesha wakachukuliwa kupelekwa mashambani. Katika makundi yale, pamoja na wakosaji, walikuwamo wasiokuwa na kosa. Mwaka 1984 sheria ya uhujumu ilifutwa, ikatungwa nyingine inayopeleka kesi hizo Mahakama Kuu. Mimi najifunza hapa jambo moja: Sokoine alikuwa mwaminifu, hakujilimbikizia mali, na bado alihitaji kuulizwa. Uaminifu wa kiongozi hauondoi haja ya swali. Mtu mwema akiwa na haraka aweza kumkanyaga asiyekuwa na kosa, kama hapana wa kumshika mkono amwambie atazame chini.

Januari 1984 Halmashauri za wilaya zilianza kazi tena, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Madiwani waliochaguliwa walirudi katika viti. Kazi za shule, zahanati, maji na upimaji wa viwanja zikapata tena baraza la kuzitazama. Pamoja nazo ikaja kodi ya maendeleo, ambayo watu wengi hawakuipenda, nayo ilifutwa mwaka 2003. Lakini mtoa kodi alikuwa amempata tena mtu wa kumwuliza.

Yeye hakuishi kuyaona matunda. Tarehe 12 Aprili 1984 kikao cha Bunge kilikwisha Dodoma, akashika safari ya kurudi Dar es Salaam kwa barabara hii yetu, ipitayo Kibaigwa na Gairo kwenda Morogoro. Huko Dakawa gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeitangazia nchi kwa redio. Babu anasema kwamba jioni ile watu walikaa nje ya nyumba zao bila kuzungumza, kama watu waliofiwa nyumbani. Alizikwa kwao Monduli Juu. Mwaka ule ule Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro, na Katiba ikarekebishwa, serikali za mitaa zikaandikwa ndani yake ili zisifutwe tena kwa wepesi. Katiba yetu sasa yasema pia waziwazi kwamba Bunge laweza kumwuliza Waziri yeyote swali juu ya mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Na Bunge lina kamati yake ya kutazama hesabu za serikali za mitaa, ili shilingi ya ushuru iliyotolewa katika soko la mahindi hapa Kibaigwa iweze kufuatwa mpaka mwisho wake.

Lakini kamati iliyoko Dodoma mjini haiwezi kuiona kila nyumba ya mwalimu iliyosimama katika usawa wa madirisha. Yule anayepita mbele yake kila asubuhi ndiye anayeiona. Asipouliza yeye, diwani hatajua. Diwani asipojua, mbunge hatakuwa na la kusema. Na mbunge akinyamaza, Waziri hana sababu ya kujibu. Swali la Bungeni huanzia chini ya mti, mkutanoni, kwa mzee mwenye fimbo.

Katika mkutano uliofuata nilikwenda tena na babu. Safari hii karatasi ya mapato na matumizi ilikuwa imebandikwa ubaoni, nayo ilisomwa mbele ya watu wote. Tulijua saruji iliyonunuliwa ilikuwa mifuko mingapi, na kwamba fedha nyingine zilitumika kutengeneza pampu ya kisima bila wazazi kuambiwa. Hakuna aliyekuwa mwizi. Ila hakuna aliyekuwa ameulizwa. Watu walikubaliana wachange mara ya pili, na sasa nyumba ina bati, ingawa bado haijapigwa lipu. Mwalimu wa hesabu anakaa humo na mkewe na watoto wawili.

Safari hii babu alipoinuka kuwashukuru wenzake sikuinamisha kichwa. Nilimshikia kofia yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne