Joseph Murumbi: Makamu wa Rais Aliyekusanya Nakala Asilia

Msafiri atokaye mjini Kisii kuelekea Keroka hupitia soko la Keumbu, penye mikungu ya ndizi iliyopangwa kando ya barabara na vibanda vilivyobanana bega kwa bega. Katika vituo vya soko vya namna hii, kotekote nchini Kenya, vibanda vya video vilipoenea, kuta zilibandikwa mabango ya sinema yaliyoonyesha mashujaa wenye nguvu za ajabu, waruka angani na wasiopenywa na risasi. Bango lilikaa siku chache, likanyeshewa, kisha likabandikwa jingine juu yake. Hakuna aliyewazia kulibandua na kulihifadhi. Nchini Marekani, bango kama hilo likiwa asilia, yaani lililochapishwa na kampuni ya filamu wakati filamu yenyewe ilipotoka, hutafutwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi. Hao hupima karatasi yake, huhesabu mikunjo yake na kuchunguza kama lina ule ukubwa wa inchi 27 kwa 41 uliozoeleka kabla ya miaka ya 1980. Nakala iliyochapishwa upya, hata ikiwa safi namna gani, hawaitaki. Thamani ya bango asilia inatokana na jambo moja tu: watu wengi walilitupa na wachache wakaliweka.

Kenya nayo ilipata kuwa na mtu wa kuweka. Hayati Joseph Murumbi hakukusanya mabango ya sinema. Alikusanya vitabu vya kale, barua, nyaraka za siasa, stempu, michongo, nguo na mapambo kutoka pembe nyingi za Afrika. Hata hivyo, kanuni iliyomwongoza ni ile ile ya mkusanyaji wa mabango: alitaka kitu chenyewe, si mfano wake. Vitabu vya historia ya shule humtaja kwa sentensi moja, kuwa alikuwa Makamu wa pili wa Rais, na huishia hapo. Sentensi hiyo ni kweli, lakini imeacha nje sehemu kubwa ya maisha yake.

Murumbi alizaliwa tarehe 18 Juni 1911. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa aliyefuata biashara hadi Bonde la Ufa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa ukoo wa laiboni wa Uasin Gishu. Angali mtoto mdogo alipelekwa India, akasomea katika shule za wamishenari wa Kikatoliki huko Bangalore na Bellary. Aliporejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa kijana aliyelazimika kuchagua awe nani. Sheria na desturi za kikoloni ziliwagawa watu kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Kwa jina la baba yake angeweza kupata nafasi ya katikati, pamoja na mshahara na makazi yaliyoambatana nayo. Alichagua upande wa mama yake, na baadaye akalichukua jina la Murumbi kutoka upande huo. Huenda uchaguzi huu ndio ufunguo wa yote yaliyofuata, kwa kuwa mtu aliyetenganishwa na mama yake utotoni, akalelewa ng'ambo ya bahari, ana sababu ya kutafuta vitu vya kwao kwa bidii kuliko yule ambaye hakuwahi kuvikosa.

Miaka ya 1940 alifanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Aliporudi Nairobi aliingia katika siasa, na aliyemvuta zaidi ni Pio Gama Pinto, mwanahabari na mwanaharakati mwenye asili ya Goa kama baba yake. Jomo Kenyatta na wenzake walipokamatwa Oktoba 1952, uongozi wa chama cha KAU ulibaki mikononi mwa watu wachache, na Murumbi akawa kaimu katibu mkuu. Kazi hiyo haikudumu. Mwaka 1953 alitoka nchini kwenda kueleza madhila ya Wakenya kwa walimwengu, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikapiga KAU marufuku. Safari iliyokusudiwa kuwa fupi ikawa uhamisho wa takriban miaka tisa.

London ndiko mkusanyaji alikokomaa. Mchana alishughulika na vuguvugu la kupigania uhuru wa makoloni lililoongozwa na mbunge Fenner Brockway, na baadaye akaajiriwa katika ubalozi wa Moroko. Wakati wake mwingine aliutumia katika maduka ya vitabu vikuukuu. Mji mkuu wa dola iliyoitawala Afrika ulikuwa pia soko la vitu vilivyotoka Afrika: taarifa za wapelelezi, kamusi za wamishenari, ramani, na picha zilizochapishwa kabla ya karne ya 20. Wauzaji wengi waliviona kuwa karatasi kuukuu. Murumbi aliona kwamba historia ya watu wake imekaa katika rafu za wageni na inauzwa kwa bei ya nguo za mitumba. Huko huko alikutana na Sheila, mwanamke Mwingereza aliyekuwa mkutubi kwa taaluma, wakaoana. Kuoana kwa mkusanyaji na mkutubi ni bahati isiyowafika wengi: mmoja alileta nyumbani, mwingine akapanga na kuorodhesha. Mikusanyo mingi ya watu binafsi hufa kwa kukosa orodha, na huenda mkusanyo huu ungaliishia huko lau Sheila hangalikuwapo.

Wanafunzi wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili vyema. Mswada wa kale zaidi unaojulikana wa Utendi wa Tambuka, wenye tarehe inayolingana na mwaka 1728, umehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Miswada mingine mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu imo London. Mtafiti wa Lamu au Mombasa hutegemea toleo lililochapishwa, na toleo lililochapishwa tayari limepita katika mikono ya mhariri aliyekata, aliyesahihisha na aliyekisia. Maneno ya pembezoni, jina la mnakili, doa la wino lililofunika herufi moja na kuzua ubishi wa miaka mingi, yote hayo hayaonekani ila katika nakala asilia. Hoja ya Murumbi ilikuwa hiyo hiyo, ingawa yeye hakuwa mwanaisimu wala mhakiki wa fasihi.

Alirudi Kenya mwaka 1962. Uhuru ulipopatikana alikuwa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha kuanzia mwisho wa 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Katika kipindi hicho, mwaka 1965, Bunge lilipitisha sheria iliyounda Idara ya Nyaraka za Kitaifa, na Murumbi ni miongoni mwa viongozi waliolipigania jambo hilo. Ikumbukwe kwamba wakoloni walipoondoka walichoma majalada mengi na kusafirisha mengine Uingereza. Baadhi yake yalifichuka hadharani mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Mtu aliyesisitiza mapema kwamba dola changa ihifadhi karatasi zake hakuwa akishughulika na anasa.

Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto aliuawa kwa kupigwa risasi nje ya nyumba yake jijini Nairobi. Murumbi hakupata kuwa mtu yule yule tena. Mei 1966, baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu, aliteuliwa Makamu wa Rais, na kabla ya mwaka huo kwisha naye akajiuzulu. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Waliomfahamu wengi wanaamini kwamba kifo cha rafiki yake na ulafi wa ardhi na mali uliokwisha kuanza serikalini ndivyo vilivyomtoa. Kwa vyovyote vile, ni nadra katika historia ya Kenya kumwona mtu akiinuka kwa hiari yake kutoka katika kiti kinachofuata kile cha Rais.

Alipotoka serikalini aliingia katika biashara, akiwa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini Kenya, na kipato hicho akakigeuza kuwa vitu. Nyumba yake ya Muthaiga ilijaa vitabu, hatimaye zaidi ya 50,000, miongoni mwavyo zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Stempu za nchi za Afrika alizikusanya kwa subira ya mtu anayejua kwamba stempu ni bango dogo la dola: kila utawala hubandika juu yake sura ya shujaa wake, na utawala ukianguka stempu hubaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na Sheila walishirikiana na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha African Heritage jijini Nairobi, jumba la sanaa la Afrika nzima. Hapo kazi ya msanii wa Nigeria ilitazamana na ya msanii wa Uganda au wa Tabaka, huko Kisii, ambako jiwe laini la Kisii limechongwa kwa vizazi. Wakati huo vinyago vingi vilivyouzwa jijini vilikuwa vya kuwaridhisha watalii, vyote vikifanana kama vimetoka katika kalibu moja. Kuweka jina la mchongaji kando ya kazi yake, na kuiuza kama kazi ya mtu fulani badala ya kumbukumbu ya safari, kulibadili hadhi ya mchongaji.

Swali linalomkabili kila mkusanyaji likamfikia naye: vitu hivi vyote vitamwendea nani? Wanunuzi wa ng'ambo walikuwapo, na fedha zao zilikuwa nyingi. Murumbi alikataa. Miaka ya 1970 aliiuzia Serikali ya Kenya nyumba ya Muthaiga pamoja na mkusanyo wake, kwa maelewano kwamba nyumba hiyo ingekuwa taasisi ya utafiti wa mambo ya Afrika. Kisha yeye na Sheila wakahamia Intona, shamba lao huko Transmara, katika nchi ya wajomba zake, upande wa pili wa mpaka wa Wagusii na Wamaasai. Wakajenga nyumba kubwa na kuanza kuijaza upya.

Taasisi haikuanzishwa. Nyumba ya Muthaiga iliachwa ikaharibika, na ardhi yake ikaingia mikononi mwa wengine. Vitabu na nyaraka vilihamishiwa katika jengo la Idara ya Nyaraka za Kitaifa, ambalo zamani lilikuwa benki, kwenye barabara ya Moi Avenue. Murumbi alipatwa na kiharusi miaka ya 1980, akarejea Nairobi akiwa mgonjwa. Inasimuliwa kwamba alipelekwa kuitazama nyumba yake ya zamani akiwa katika kiti cha magurudumu, akakuta magofu na miti ya asili aliyoipenda imekatwa. Alifariki tarehe 22 Juni 1990.

Wapo wanaosema kwamba alikosea kuiamini serikali, na kwamba mkusanyo huo ungalitunzwa vizuri zaidi London au New York. Hoja hii ina uzito, ila inasahau jambo. Kilichopotea Muthaiga ni nyumba, bustani na mpangilio wa vitu vikiwa pamoja, na hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa mkusanyo ni zaidi ya jumla ya vitu vyake. Lakini vitabu vyenyewe vimo Nairobi. Mwanafunzi wa Kisii anaweza kupanda matatu alfajiri, akapita Keumbu kabla jua halijachomoza, na adhuhuri akawa amesimama mbele yake bila viza wala ufadhili wa mtu. Kwa kigezo hicho Murumbi alikuwa sahihi, na waliokosea ni wale waliopokea.

Alikuwa ameomba azikwe karibu na Pinto. Alizikwa kando ya makaburi ya City Park, na Sheila, aliyefariki mwaka 2000, akalazwa pembeni yake. Kwa miaka kadhaa hata mahali hapo palitishiwa na wanyakuzi wa ardhi, mpaka Donovan na wenzake walipofanikisha kujengwa kwa bustani ya ukumbusho iliyofunguliwa mwaka 2009. Humo mna michongo ya wasanii ambao Murumbi aliwathamini, akiwemo Elkana Ong'esa wa Tabaka, ambaye kazi yake imesimamishwa pia katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Sehemu nyingine ya mkusanyo, pamoja na stempu, imewekwa katika jengo la Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, ambamo vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa.

Ghorofa ya chini ya jengo la Nyaraka za Kitaifa huitwa Ukumbi wa Murumbi. Nje ya mlango wake, tangu asubuhi hadi jioni, husimama umati wa watu wanaongojana, kwani wakazi wa Nairobi wakiahidiana kukutana katikati ya jiji huambiana wakutane pale Archives. Wengi wao hungoja, hupokea simu, huonana na jamaa zao, wakaenda zao. Kiingilio ni kidogo, na mlango hufunguliwa kila siku ya kazi.