Sinan bin Thabit na Mtihani wa Matabibu wa Baghdad

Ukurasa huu wa habari za waliotangulia mara nyingi tunaufungua kwa wanazuoni wa hadithi na fiqhi. Mara hii tumependa kumleta tabibu. Katika nyumba zetu hakuna asiyepata kumpeleka mgonjwa hospitali, akakaa kwenye benchi la nje huku akimuomba Mola kwamba yule aliye ndani na sindano awe anajua anachokifanya. Hofu hiyo haikuanza leo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mtu mmoja wa Baghdad alikufa kwa kosa la tabibu, na kifo chake ndicho kilichomtia Sinan bin Thabit katika kazi anayokumbukwa nayo hadi sasa.

Jina lake ni Abu Said Sinan bin Thabit bin Qurra al-Harrani. Baba yake, Thabit bin Qurra, alitoka mji wa Harran, ambao siku hizi umo kusini mwa Uturuki, akahamia Baghdad na kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa hesabu na wafasiri wa vitabu vya Kiyunani kwenda Kiarabu. Alifariki mwaka 288 Hijria (901 Miladia), akiwa karibu sana na Khalifa al-Mu'tadid. Ukoo wao ulikuwa wa watu wa Harran waliojulikana kwa jina la Wasabii, wenye dini yao ya kale iliyozitukuza nyota. Mwanafunzi alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Sinan alirithi utabibu, hesabu na elimu ya nyota kutoka kwa baba yake, lakini utabibu ndio uliomshika. Chini ya Khalifa al-Muqtadir, aliyetawala kuanzia mwaka 295 hadi 320 Hijria, alifikia daraja ya kuwa mkubwa wa matabibu wa Baghdad na msimamizi wa bimaristani zake. Bimaristani ndiyo hospitali ya zama zile: nyumba yenye vitanda, matabibu, dawa na chakula, ambamo maskini alitibiwa bila kulipa. Mwezi wa Muharram mwaka 306 (918) Sinan alifungua bimaristani ya mama yake Khalifa, iliyojulikana kama bimaristani ya as-Sayyida, kandokando ya mto Tigris, na matumizi yake yalikuwa dinari 600 kila mwezi. Mwaka huohuo alimshauri Khalifa mwenyewe ajenge ya kwake. Ikajengwa penye Mlango wa Sham, na Khalifa akawa anaitolea dinari 200 kila mwezi kutoka katika mali yake.

Majengo na dinari ni rahisi kuhesabu. Yaliyokuwa yakipita ndani yake tunayajua zaidi kwa barua alizoandikiana Sinan na waziri Ali bin Isa, mtu mwema aliyesifika kwa uadilifu. Uliingia mwaka wa maradhi mengi, na waziri akawakumbuka wafungwa. Akamwandikia Sinan kwamba watu walio gerezani, kwa wingi wao na ugumu wa mahali walipo, hawawezi kuepukana na maradhi, wala hawawezi kutoka kwenda kumtafuta tabibu. Kwa hiyo akataka wawekewe matabibu wa kuwaingilia kila siku na dawa zao na vinywaji vyao. Baadaye akataka matabibu wengine na duka la dawa la kusafiri wapelekwe katika vijiji vya Sawad, yaani mashamba ya kusini mwa Iraki, wakae katika kila kijiji kwa kadiri ya haja kisha wahamie kingine. Walipofika Sura, ambako wakazi wengi walikuwa Mayahudi, Sinan aliandika kuuliza afanyeje, akieleza kwamba katika bimaristani za mjini Muislamu na dhimmi wote hutibiwa. Jibu likaja kwamba watibiwe watu na hata wanyama, ila wakitangulizwa binadamu kabla ya wanyama, na Waislamu kabla ya wasiokuwa wao.

Barua moja kati ya hizo inatupendeza kuliko zote, nayo inahusu makaa. Ilikuwapo bimaristani iliyoendeshwa kwa waqfu, na waqfu huohuo ulikuwa pia na fungu la Bani Hashim. Msimamizi wa waqfu akawa anawatangulizia Bani Hashim fungu lao, na fungu la wagonjwa analichelewesha. Sinan hakunyamaza. Aliandika kwa waziri akishtaki kwamba wagonjwa wanadhurika kwa upungufu wa makaa, chakula na mablanketi. Baridi ya Baghdad si ya mchezo, na mgonjwa aliyekwisha dhoofika hahitaji kosa la kisu au dawa ili afe. Baridi ya usiku mmoja inamtosha. Ali bin Isa alimkemea msimamizi kwa ukali, akamwambia wagonjwa ndio wa kutangulizwa, kwa kuwa haja yao haingoji.

Sasa tufike mwaka 319 Hijria (931). Khalifa al-Muqtadir aliletewa habari kwamba tabibu mmoja amemkosea mtu katika watu wa kawaida wa Baghdad, na mtu huyo amekufa. Kwenye habari hiyo ameandikwa tu kuwa ni mtu wa kawaida, na jina lake halikutajwa. Tunakiri kwamba jambo hilo linatuuma kidogo, kwa kuwa kila aliyetibiwa kwa usalama zaidi baada yake ana deni kwake.

Khalifa angeweza kumkamata yule tabibu, akamwadhibu mbele ya watu, na mambo yakaishia hapo. Badala yake alimwamuru muhtasibu, ambaye ni afisa wa kusimamia masoko na mizani, awazuie matabibu wote wasifanye kazi, isipokuwa yule aliyefanyiwa mtihani na Sinan bin Thabit na kupewa naye karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake. Karatasi hiyo ilitaja ni kazi gani mwenye nayo ameruhusiwa kuifanya. Waliosamehewa mtihani ni wale waliokwisha julikana kwa umahiri wao, na waliokuwa katika utumishi wa sultani. Waliobaki, wa pande zote mbili za mto, walifika zaidi ya 860.

Tutulie kidogo hapa. Utabibu wa wakati ule ulikuwa juu ya nadharia ya michanganyiko minne ya mwili, na tiba zake kali mbili zilikuwa kumtoa mgonjwa damu kwa kukata mshipa, na kumpa dawa ya kuharisha. Mtu mwenye nguvu huvumilia. Mzee, mtoto, mama mjamzito au mgonjwa aliyekwisha kaukiwa na maji mwilini akifanyiwa hivyo na asiyejua kipimo, hafiki asubuhi. Kwa hiyo Sinan hakuhitaji kumuuliza kila mtu kila kitu. Alihitaji kujua mpaka wa ujuzi wa mtu huyu uko wapi, kisha auandike huo mpaka kwenye karatasi. Kile cheti mnachokiona kimetundikwa ukutani katika zahanati, chenye kutaja mwenye nacho amesomea nini, kazi yake ni ileile.

Hukumu yenyewe ilikuwapo katika dini kabla ya Khalifa huyo. Mtume wetu (S.A.W.) alibainisha kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, basi ni mdhamini wa madhara aliyoyaleta. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah. Lakini dhamana hufuata baada ya madhara. Maiti yuko chini na jamaa wanadai diya. Amri ya mwaka 319 ilitaka kufika kabla ya madhara. Baadaye, katika karne ya 12 Miladia, ash-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza mamuhtasibu, na humo ameeleza utaratibu wa tabibu kuandika kila anapomzuru mgonjwa hali aliyomkuta nayo na dawa aliyompa, akawaachia watu wa nyumbani nakala. Mgonjwa akipona, tabibu hulipwa. Akifa, jamaa huzipeleka karatasi zile kwa mkubwa wa matabibu, naye huangalia kama kifo ni ajali yake iliyofika au ni uzembe wa aliyetibu. Wale wanaolalamika kwamba mafaili ya hospitali ni kazi ya kupoteza wakati tungependa waisome sehemu hiyo.

Katika siku zile za mtihani alimjia Sinan mzee mmoja mwenye haiba, nguo nzuri na heshima zake. Sinan akamkalisha karibu kwa namna anavyokalishwa mtu mkubwa, akaendelea kuwahoji wengine huku mzee akisikiliza. Watu walipotawanyika, Sinan akamgeukia akimwomba shekhe awape na wao faida kidogo ya elimu yake, na awatajie mwalimu aliyemsomesha. Mzee akatoa katika mkono wa kanzu yake karatasi yenye dinari nzuri, akaiweka mbele ya Sinan. Akakiri kwamba hajui vyema kusoma wala kuandika, na hajasoma chochote katika utabibu, lakini ana watu wa kulisha na kazi hii ndiyo riziki yao. Akaomba asikatiwe.

Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti: asimvamie mgonjwa kwa jambo asilolijua, asiagize mtu kutolewa damu, wala asitoe dawa ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba hiyo ndiyo njia yake tangu zamani. Maisha yake yote hakuwahi kuvuka sikanjabini, yaani siki iliyochemshwa na asali, na julabu, ambayo ni sharbati ya sukari na marashi mawaridi. Kesho yake akaja kijana mtanashati, mwerevu wa sura. Alipoulizwa amesoma kwa nani, akasema kwa baba yake, na baba yake ni yule shekhe wa jana. Sinan akamuuliza kama naye yuko katika njia ya baba yake, akasema ndiyo. Akamwambia asiivuke, na akamwacha aende zake.

Tulipoisoma habari hii na wanafunzi wa darasa la juu, waligawanyika. Wako waliosema Sinan alikhini amana, kwani vipi asiyejua kusoma aruhusiwe kutibu? Wengine wakamtetea kuwa mzee yule angalau aliujua mpaka wake, na hatari kubwa zaidi ni mwenye elimu nusu anayejiona anajua yote. Sisi tunaona wote wameshika upande. Sharbati haimuui mtu, hilo kweli, na kumnyang'anya mzee kisu na dawa kali kulikuwa kumlinda mgonjwa. Lakini mwenye maradhi mazito akinyweshwa sharbati siku kumi, zile siku kumi nazo ni madhara. Ugonjwa unakua huku nyumba nzima ikidhani mtu wao anatibiwa. Katika sharti lote lile Sinan hakumwambia mzee ampeleke kwa mwingine mgonjwa anayemshinda. Hapo hatuna la kumtetea. Na labda tukumbuke kuwa alikuwa mtu mmoja mbele ya watu zaidi ya 860.

Tulisema tutarudi kwenye dini yake. Siku Khalifa wa Waislamu alipoziweka roho za watu wa Baghdad mikononi mwa Sinan, Sinan bado alikuwa Msabii. Alichaguliwa kwa kuwa ndiye aliyekuwa mjuzi zaidi. Al-Muqtadir aliuawa mwaka 320, akamfuata al-Qahir, mtu mkali. Al-Qahir alimtaka Sinan asilimu, Sinan akakataa, kisha akatishwa hadi akaogopa na akasilimu. Hata hivyo hofu haikumtoka. Alikimbilia Khurasan, na hakurejea Baghdad ila baadaye. Hatuoni haja ya kuipamba habari hii. Historia yetu ina watawala wa kila namna.

Baada ya al-Qahir kuondolewa mwaka 322 (934), Sinan alimtumikia Khalifa ar-Radi mpaka alipofariki mwaka 329. Ndipo Bajkam, amiri wa Kituruki aliyeshika nguvu za dola, akamwita kwake Wasit. Bajkam alitaka atibiwe mwili, na pia tabia, kwa sababu alijijua kuwa na hasira zinazomfanya aadhibu kisha ajute. Sinan alimweleza kwamba hakuna aliye juu yake wa kumzuia anapokasirika, na kwamba hasira ni kama ulevi: aliyelewa hutenda asiyoyajua. Basi akimghadhibikia mtu, aichelewesha adhabu hadi kesho. Anayetakiwa kuadhibiwa hakimbii kwa usiku mmoja. Bajkam alilipokea na akaanza kulitumia.

Sinan alifariki Baghdad katika mwezi wa Dhulqaada mwaka 331 Hijria (943), kwa ugonjwa wa kuharisha. Aliacha watoto wawili waliopata jina. Ibrahim, aliyezaliwa mwaka 296 (908), alikuwa bingwa wa jometri na saa za jua, akafariki kijana miaka mitatu tu baada ya baba yake. Mwingine, Thabit, akawa tabibu wa bimaristani kama baba, na akaandika tarehe ya zama zake. Humo ndimo zilimohifadhiwa zile barua za magereza na za vijiji, na ile ya makaa na mablanketi.