Willis Conover
Willis Clark Conover (18 Desemba 1920 – 17 Mei 1996) alikuwa mtangazaji wa redio kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi kwa kipindi cha muziki wa jazi alichokitangaza kwa zaidi ya miaka 40 katika Sauti ya Amerika.

Maisha ya awali
Alizaliwa mjini Buffalo, jimbo la New York. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitangaza redioni mjini Washington, D.C. Aliandaa pia maonyesho ya jazi, akawahimiza wenye kumbi za mji huo kupokea watu weusi na weupe pamoja, wakati ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa jambo la kawaida.

Kazi
Kipindi chake kilianza Januari 1955 kwa masafa mafupi. Alizungumza polepole, kwa Kiingereza chepesi, ili aeleweke na wageni wa lugha hiyo. Kwa kuwa alifanya kazi kwa mkataba bila kuajiriwa, alichagua muziki mwenyewe. Katika Ulaya ya Mashariki, ambako sahani za jazi zilikuwa adimu, wanamuziki walijifunza kwa kumsikiliza. Alipotembelea Poland mwaka 1959 alilakiwa na umati mkubwa.

Nyumbani hakujulikana sana, kwa sababu sheria ya mwaka 1948 haikuruhusu matangazo hayo kuelekezwa kwa Wamarekani.

Alifariki huko Alexandria, Virginia. Mikanda yake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha North Texas.