Joe DiMaggio: kisigino kilimuuma, akakataa dola 100 000 na kuacha mchezo

Tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka 1951, mjini New York, Marekani, Joe DiMaggio alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba anaacha mchezo wa beisiboli. Alikuwa na miaka 37. Wakubwa wa timu yake, New York Yankees, walikuwa tayari kumpa mkataba wa dola 100 000 kwa mwaka 1952, mshahara ambao wakati ule wachezaji wa kuhesabika kwa vidole tu waliupata. Walimwomba afikiri tena. Hakubadilisha neno lake.

Si kwamba alikuwa mtu wa kudharau feza. Miaka 13 kabla ya siku ile, aligombana na timu hiyohiyo juu ya mshahara mpaka wapenzi wa timu wakamzomea uwanjani. Ndiyo maana kitendo chake cha mwaka 1951 kiliwashangaza wengi.

Mtoto wa mvuvi

Joe DiMaggio alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 1914 huko Martinez, katika jimbo la California. Wazazi wake, Giuseppe na Rosalia, walikuwa wametoka kisiwa cha Sicilia, inchini Italia. Walizaa watoto tisa, Joe akawa wa nane. Akiwa bado mdogo, familia ilihamia San Francisco, mji wa bandari ambako Giuseppe alifanya kazi yake ya uvuvi.

Baba alitaka watoto wake wa kiume wamfuate mtumbwini. Lakini Joe hakuweza kuvumilia harufu ya samaki, na tumbo lilimsumbua kila alipopanda majini. Alitafuta kila njia ya kukwepa kazi ile, na baba akamwona kuwa mvivu asiye na faida nyumbani. Masomo nayo hayakumfikisha mbali, aliyaacha mapema. Kaka yake Vince ndiye aliyetangulia kulipwa kwa ajili ya kucheza beisiboli, na kupitia kwake Joe alipata nafasi katika timu ya mji, San Francisco Seals, mwishoni mwa mwaka 1932. Mdogo wao Dominic alikuja kufuata njia hiyohiyo. Watoto watatu wa mvuvi mmoja walifika katika ligi kuu ya Marekani.

Kwa wasioujua mchezo huu: mchezaji mmoja anarusha mpira mdogo na mgumu kwa nguvu, mpinzani wake anaupiga kwa fimbo nene ya mti, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Mpira ukiruka na kupita ukuta wa uwanja, mpigaji anazunguka vituo vyote bila wasiwasi, na watu wanashangilia kama vile goli limeingia katika kabumbu. Kupiga mpira ule vizuri ni kazi ngumu: anayefaulu mara tatu katika kumi anahesabiwa kuwa hodari.

Mwaka 1933, akiwa na miaka 18, DiMaggio alifaulu kupiga katika mechi 61 mfululizo. Timu kubwa zikaanza kumtafuta.

Ajali ya kwanza

Mwaka 1934, akishuka katika gari la abiria, goti lake liligeuka na mishipa ikaumia. Kwa timu nyingi habari ile ilitosha: zilirudi nyuma, zikiogopa kununua mchezaji mwenye mguu mbovu. Yankees peke yake ilithubutu. Ilitoa dola 25 000 na wachezaji watano, lakini kwa sharti kwamba abaki kwanza San Francisco mwaka mzima wa 1935 ili ionekane kama goti limepona. Goti lilipona, na mwaka ule alikaribia kufaulu mara nne katika kila mapigo kumi.

Kwa hiyo, tangu ujana wake DiMaggio alijua jambo moja: bei ya mchezaji inashuka siku ileile mguu wake unapoumia.

Miaka ya utukufu

Mwezi wa 5 mwaka 1936 aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza akiwa mchezaji wa Yankees. Alicheza katikati ya uwanja wa nyuma, mahali panapohitaji mtu wa mbio, maana eneo la kulinda ni kubwa. Watu walisema alikuwa akifika chini ya mpira bila kuonekana kama anakimbia. Timu ilibeba ubingwa miaka minne mfululizo, tangu 1936 mpaka 1939.

Mwaka 1938 ndipo yalitokea yale mabishano ya mshahara. DiMaggio aliomba dola 40 000, timu ikasema 25 000 na si zaidi. Alibaki kwao San Francisco mpaka msimu ukaanza bila yeye. Mwishowe alikubali zile 25 000. Lakini Marekani ilikuwa bado katika shida kubwa ya uchumi, watu wengi hawakuwa na kazi, na kijana anayekataa dola 25 000 hawakumwelewa. Walimpigia kelele uwanjani mwaka ule, na hakuisahau ile aibu.

Mwaka 1941 alifanya jambo ambalo hakuna aliyelirudia mpaka leo. Tangu tarehe 15 mwezi wa 5 mpaka tarehe 16 mwezi wa 7, alifaulu kupiga katika mechi 56 mfululizo. Redio zilikatiza vipindi ili kuwaambia watu kama DiMaggio amepiga ama bado. Tarehe 17 mwezi wa 7, mjini Cleveland, mbele ya watu zaidi ya 67 000, mlinzi Ken Keltner alidaka mipira miwili mikali na kumzuia. Kesho yake DiMaggio alianza upya, akaendelea mechi 16 nyingine.

Vita na aibu ya wazazi

Marekani ilipoingia katika Vita ya Pili ya Dunia, Italia ikawa adui. Giuseppe na Rosalia walikuwa wameishi Marekani miaka mingi, lakini hawakuwa wamepata uraia. Mwaka 1942 waliandikwa katika orodha ya wageni kutoka inchi adui, pamoja na maelfu ya Waitalia wengine. Walipaswa kutembea na karatasi maalum, wasiende mbali na nyumba bila ruhusa. Mzee Giuseppe alikatazwa kuvua katika ghuba aliyoitumikia maisha yake yote, na chombo chake kikachukuliwa. Wakati huohuo, jina la mtoto wake lilikuwa mdomoni mwa Wamarekani wote.

Mwezi wa 2 mwaka 1943 DiMaggio aliingia jeshini. Aliacha mshahara wa dola 43 750 kwa mwaka, akapokea ule wa askari wa kawaida, dola 50 kwa mwezi. Hakupelekwa kwenye mapigano. Kazi yake kubwa ilikuwa kucheza beisiboli ili kuwafurahisha wanajeshi, huku akiugua vidonda vya tumbo. Misimu mitatu ilipotea hivyo, kati ya miaka 28 na 30, umri ambao mchezaji anakuwa na nguvu zote. Ndoa yake na mwigizaji Dorothy Arnold, aliyemzalia mtoto wake pekee, ilivunjika mwaka 1944.

Mwiba ndani ya kisigino

Aliporudi mwaka 1946, mwili haukuwa ule wa zamani. Katika kisigino cha mguu wa kushoto mfupa ulikuwa umeota ncha kama mwiba, na kila hatua ilimchoma. Waganga walimfanyia operesheni mwanzoni mwa mwaka 1947, kidonda kikachelewa kupona mpaka wakalazimika kupandikiza ngozi juu yake. Hata hivyo mwaka ule alichaguliwa kwa mara ya tatu kuwa mchezaji bora wa ligi yake.

Kisha kisigino cha kulia nacho kikaanza. Mwaka 1948 alicheza msimu mzima akivumilia, na mwezi wa 11 akarudi kwa waganga. Mwanzoni mwa mwaka 1949 Yankees ilimpa mkataba wa dola 100 000. Alikuwa mmoja wa wachezaji wa kwanza kabisa wa beisiboli kufikia kiasi hicho. Lakini msimu ulipoanza, hakuweza kusimama vizuri. Mechi 65 za kwanza zilipita bila yeye. Mshahara mkubwa kuliko wote ulikuwa unalipwa kwa mtu aliyefungiwa chumbani, akiogopa kwamba kazi imekwisha. Katika majira yale baba yake naye alifariki.

Asubuhi moja aliamka, akakanyaga chini, na maumivu hayakuwapo. Tarehe 28 mwezi wa 6 alirudi uwanjani mjini Boston, nyumbani kwa wapinzani wakubwa wa Yankees, timu aliyoichezea mdogo wake Dominic. Katika mechi tatu alipiga mipira minne nje ya ukuta, na Yankees ikashinda zote tatu. Mwisho wa msimu, Yankees iliishinda Boston siku ya mwisho kabisa, tofauti ikiwa mechi moja tu.

Mwaka wa mwisho

Furaha ile haikudumu. Mwaka 1950 bado alipiga vizuri, lakini kocha Casey Stengel alianza kumpumzisha na kumhamisha nafasi, na uhusiano wao ukapoa. Mwaka 1951 mambo yaliharibika wazi: magoti, bega na visigino vilimsumbua, naye alifaulu karibu mara moja tu kwa kila mapigo manne. Mwaka huo pia mama yake alifariki. Pembeni yake alikuwapo kijana wa miaka 19, Mickey Mantle, mwenye mbio kali, ambaye kila mtu alijua ameletwa ili kuchukua nafasi yake.

Pigo la kumwumiza zaidi lilitoka katika karatasi. Timu ya Brooklyn ilikuwa imetuma mtu awachunguze Yankees, na ripoti yake ilichapishwa katika gazeti la Life mwezi wa 10 mwaka 1951. Ilieleza kwamba DiMaggio hawezi tena kurusha mpira kwa nguvu, na kwamba mbio zake zimekwisha. Siri aliyojaribu kuificha kwa miaka mitatu ikasomwa na inchi nzima.

Yankees ilibeba ubingwa tena mwaka ule. DiMaggio alipiga mpira mmoja nje ya ukuta katika mechi ya nne ya fainali, na pigo lake la mwisho katika maisha ya mchezo, tarehe 10 mwezi wa 10, lilimfikisha kituo cha pili. Ilikuwa mara ya tisa kwake kuwa bingwa, katika misimu 13.

Wenye timu, Dan Topping na Del Webb, waliona kwamba jina lake peke yake linajaza uwanja. Hata baada ya msimu mbaya walikubali kumlipa dola zilezile 100 000. Kwao hesabu ilikuwa rahisi. Kwa DiMaggio haikuwa hivyo. Alieleza kwamba maumivu yamezidi, kwamba mchezo umekuwa mzigo badala ya furaha, na kwamba hawezi tena kuipa timu na watazamaji kazi ileile waliyozoea kuiona. Kupokea mshahara wa Joe DiMaggio wa zamani huku akicheza kama mtu mwingine, hilo hakulitaka.

Maisha baada ya uwanja

Yankees iliweka pembeni jezi yake, namba 5, isivaliwe tena na mtu. Mwaka 1955 aliingizwa katika jumba la kumbukumbu la wachezaji wakubwa wa beisiboli.

Mwezi wa kwanza mwaka 1954 alimwoa Marilyn Monroe, nyota wa sinema, huko San Francisco. Ndoa haikumaliza mwaka. DiMaggio alikuwa mtu wa wivu na wa kupenda kimya, mkewe aliishi mbele ya kamera. Walakini Monroe alipofariki mwezi wa 8 mwaka 1962, DiMaggio ndiye aliyepanga mazishi, na kwa miaka 20 alilipa ili maua yapelekwe kaburini mara tatu kila juma.

Feza alizozikataa hazikumfanya maskini, lakini zilimfundisha kuhesabu. Mwaka 1968 alikubali kazi katika timu ya Oakland, kwa kuwa alihitaji miaka miwili zaidi ili afikie pensheni kamili ya beisiboli. Wengi walishangaa kumwona amevaa rangi nyingine. Baadaye alitangaza benki na mashine za kahawa katika televisheni, na saini yake juu ya mpira ikawa bidhaa ya bei kubwa. Aliilinda bei hiyo kwa ukali, sawa na kijana wa mwaka 1938.

Hospitali ya watoto katika mji wa Hollywood, jimbo la Florida, inabeba jina lake mpaka leo. Katika mji huohuo alifariki kwa kansa ya mapafu tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka 1999, akiwa na miaka 84. Ibada ya mazishi ilifanyika San Francisco, mbele ya watu wachache wa familia, kisha akazikwa Colma, karibu na mji huo. Zaidi ya miaka 80 imepita tangu majira yale ya mwaka 1941, na zile mechi 56 mfululizo hakuna mchezaji wa ligi kuu aliyezifikia.