John Boyd Dunlop na Tairi la Hewa

John Boyd Dunlop alizaliwa mwaka 1840 katika kijiji cha Dreghorn, nchini Uskoti. Alisomea uganga wa mifugo, kisha akahamia mji wa Belfast, huko Ireland, akawa akitibu farasi na ng'ombe. Ikiwa wakaa Shinyanga, penye makundi makubwa ya ng'ombe, bila shaka waijua kazi ya mganga wa mifugo: ni kazi ya safari nyingi. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe. Magurudumu ya siku zile yalikuwa na pete ya chuma au ya mpira mgumu usio na hewa ndani, na kila jiwe lilimtikisa msafiri.

Mwaka 1887 Dunlop alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa hivi, aliyekuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Baba akafikiri namna ya kumpunguzia mwanawe mitikisiko. Alichukua ubao wa mviringo, akauzungushia bomba jembamba la mpira, akalifunika kwa kitambaa na kulijaza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akafanya jaribio. Alivingirisha gurudumu la ile baiskeli uani kwake. Likaenda kidogo, likaanguka. Akavingirisha lile la hewa kwa mkono uleule. Likapita ua wote, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Kwa nini? Gurudumu gumu hulazimika kupanda juu ya kila jiwe, na kila likipanda hupoteza nguvu. Tairi la hewa hubonyea mahali palipo na jiwe, kisha hewa hulisukuma nje tena.

Mwaka 1888 Dunlop alipewa hataza ya uvumbuzi huo. Watu wengi waliyacheka matairi yake manene. Lakini mwezi wa Mei 1889 mpanda baiskeli aitwaye Willie Hume aliyatumia katika mashindano mjini Belfast, akawashinda wenzake, na kicheko kikakoma.

Sasa fikiri vema: ni kitu gani kibebacho gari? Usijibu kwamba ni mpira. Mpira ni mfuko tu. Hewa iliyobanwa ndani yake ndiyo ibebayo mzigo. Nguvu ya hewa hiyo katika kila kipande cha eneo huitwa kanieneo, na mafundi huipima kwa geji. Chukua gari dogo la kilo 1,200. Kila tairi hubeba kilo 300 hivi. Kanieneo ikiwa kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, yaani paundi 28 hivi kwenye geji ya fundi, tairi hugusa ardhi kwa sentimita za mraba 150, eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Hewa ikipungua nusu, eneo hilo huongezeka mara mbili, na ubavu wa tairi hukunjamana kila linapozunguka.

Kunja waya mwembamba mara ishirini upesi upesi, kisha uguse penye mkunjo. Una joto! Ndivyo ilivyo kwa tairi lenye hewa haba. Katika njia ya Kahama kwenda Geita, jua likiwa kali na gari limesheheni watu na magunia ya mchele, joto hilo huweza kulipasua tairi, na gari likapinduka. Hewa ikizidi mno nayo ni hatari: tairi hudunda na kushika barabara vibaya.

Kwa sababu hiyo, tairi la gari huandikwa namba ya uwezo wake ubavuni. Namba 82 maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 475, na 91 ni kilo 615, likijazwa hewa ipasavyo. Herufi inayofuata huonyesha mwendo wa juu. Kiasi cha hewa kifaacho huandikwa kwenye gari lenyewe, mara nyingi penye mlango wa dereva, na hupimwa kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwani hewa ikipata joto kanieneo yake hupanda.

Baadaye ilijulikana kwamba Robert William Thomson, Mskoti mwingine, alikwisha kuvumbua tairi la hewa na kupewa hataza mwaka 1845. Baiskeli za kisasa hazikuwapo bado, basi uvumbuzi wake ulisahauliwa. Hataza ya Dunlop ikabatilishwa. Kampuni iliyochukua jina lake ilistawi, lakini yeye mwenyewe hakutajirika sana. Alifariki Dublin mwaka 1921.

Jaribio: Lowesha tairi la nyuma la baiskeli, uiegemeze juu ya sakafu kavu ya saruji, kisha mwenzako akalie. Pima upana na urefu wa alama ya maji. Punguza hewa kidogo, urudie. Halafu apande mtoto wa pili. Andika vipimo vyote vitatu katika daftari lako.